Maswali ya wasomaji: viwanja vya raketi na watu wa kuvijaza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu tenisi, mpira wa vinyoya na michezo mingine ya raketi. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mambo yake yanagusa klabu nyingi.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya klabu ndogo ya tenisi jijini Dar es Salaam. Tuna viwanja vitatu vya sakafu ngumu, visivyo na taa. Kila jioni wanachama hugombania nafasi, na katika mkutano mkuu uliopita wengi walitaka tukope fedha tujenge kiwanja cha nne. Mweka hazina, kwa upande wake, anasema wanaolipa ada wanapungua mwaka hadi mwaka. Tunawezaje kuwa na foleni na upungufu wa watu kwa wakati mmoja, na tuanze na lipi?

Jibu: Ndugu mjumbe, foleni na upungufu vinaweza kukaa nyumba moja, kwa kuwa foleni yenu ni ya saa chache tu za siku. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna zile jioni ndefu za kiangazi ambazo klabu za Ulaya hupangia ratiba zao. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na mtu anayetoka kazini saa kumi na nusu, akakwama barabarani, hufika uwanjani akiwa amebakiwa na saa moja ya mwanga, pengine pungufu. Kiwanja cha nne kitawaongezea saa mbili za jioni, kisha asubuhi na mchana kitakaa kitupu pamoja na vile vitatu. Taa katika viwanja mlivyo navyo, zikiwaka tangu magharibi hadi saa tatu na nusu usiku, zitawapa takriban saa tatu kwa kila kiwanja, yaani saa tisa kila siku, bila kumwaga zege wala kutafuta ardhi. Na ardhi yenyewe si ndogo: mistari ya tenisi ina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97, lakini ukihesabu nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unahitaji mita 36.57 kwa 18.29.

Hata hivyo, msimwite mkandarasi kabla hamjahesabu. Mpeni mtunza uwanja daftari, na kwa majuma machache aandike kila saa: kiwanja kipi kilitumika, na watu wangapi, wanachama au wageni, na nani aliweka nafasi asitokee. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huwashtua wajumbe wengi, kwa kuwa sehemu ya foleni huwa ni ya majina tu. Klabu nyingi sasa huweka nafasi kwa kundi la WhatsApp, jambo ambalo si baya, ila halina adhabu kwa asiyefika wala kumbukumbu ya kusoma mwisho wa mwezi. Uingereza, katika mpango uliotangazwa mwaka 2021 wa kukarabati viwanja vya tenisi vya bustani za umma kwa zaidi ya pauni milioni 30, kazi haikuishia kwenye rangi na nyavu, kwani viwanja vingi viliwekewa pia malango yanayofunguliwa kwa namba ya siri anayopewa aliyeweka nafasi, na kwa njia hiyo wasimamizi hujua nani amecheza na lini. Kwenu daftari moja na malipo ya simu yanayofanywa kabla ya kucheza yatatosha.

Mkifikia hatua ya taa, nguzo zisimamishwe pembeni mwa viwanja, kamwe zisiwe nyuma ya mstari wa mwisho, maana mchezaji anayetazama juu kupiga mpira wa kichwani atapofushwa. Fungeni mita ya LUKU ya taa peke yake, tofauti na ya jengo, na gharama ya umeme ibebwe na anayecheza usiku. Nimeona kamati zikigawanyika kwa ugomvi wa bili ya taa kuliko kwa jambo lingine lolote, na mita ya pekee huumaliza ugomvi huo siku ya kwanza.

Sasa nije kwa wanaoondoka. Mtu anayejifunza tenisi akiwa mtu mzima haachi kwa sababu ya ada pekee. Mara nyingi huacha kwa sababu hana wa kucheza naye. Wazoefu wanne wamezoeana, wanacheza siku zile zile, na mgeni akiomba kuingia anaambiwa kwa adabu kwamba nafasi imejaa. Dawa iliyothibitika ni ligi ya makundi: wachezaji hupangwa watano watano au sita sita kwa kadiri ya uwezo, kila mmoja hucheza na wenzake wote wa kundi ndani ya mwezi, kisha wawili wa juu hupanda na wawili wa chini hushuka. Mwezi ukianza kila mtu anajua ana mechi nne au tano, na anajua na nani. Mechi zipangwe na wachezaji wenyewe, ila awepo mtu mmoja wa klabu, mwenye posho hata ndogo, ambaye kazi yake ni kuwapigia simu waliokaa kimya. Wakitaka kipimo cha nje, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina namba ya uwezo inayoanzia 40 kwa anayeanza hadi 1 kwa bingwa wa dunia, nayo husaidia kupanga makundi bila upendeleo.

Kuhusu kocha, maoni yangu ni kwamba akodishe saa za kiwanja badala ya kulipwa mshahara na klabu, kwa kuwa anayelipia saa hutafuta watu wa kuzijaza. Lakini mkataba umpe saa za asubuhi, za mchana wa watoto wakitoka shule, na za mwisho wa juma kwa kipimo, kwani akiachiwa achague mwenyewe atachukua jioni zote, nanyi mtarudi pale pale.

Jambo la mwisho ni fedha. Klabu zinazobanwa hupenda kuuza uanachama wa maisha ili kuziba pengo la mwaka mmoja, kisha hubeba gharama za wanachama hao kwa miaka thelathini. Msifanye hivyo. Kiingilio cha wanachama wapya kiwekwe kando kwa ajili ya kupaka upya sakafu, kwa sababu rangi ya akriliki huchakaa, na hewa ya chumvi ya pwani hula uzio na nguzo za wavu upesi kuliko mnavyodhani.

Swali: Ninafundisha shule ya msingi mkoani Iringa. Tuna uwanja mmoja wa netiboli wenye sakafu ya saruji, raketi kumi na mbili tulizopewa, na darasa la watoto zaidi ya hamsini. Je, tenisi inawezekana?

Jibu: Inawezekana, Mwalimu, mradi usijaribu kuwafundisha tenisi ya watu wazima. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25. Kiwanja cha tenisi cha watoto wadogo, kile cha mpira mwekundu, kina urefu wa karibu mita 11 na upana usiozidi mita 6.10. Funga kamba moja katikati ya uwanja kwa urefu wake wote, kimo cha sentimita 80, kisha chora viwanja vinne vya upana wa mita tano na nusu vikikatiza kamba hiyo. Kamba moja imekuwa nyavu nne, na watoto wanane wanacheza kwa pamoja mmoja kwa mmoja, au kumi na sita wakicheza wawili wawili.

Mpira mwekundu huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko ule wa njano wa kawaida, wa rangi ya chungwa kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25. Tangu mwaka 2012 kanuni za tenisi haziruhusu mpira wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini, kwa kuwa mpira unaopita juu ya kichwa cha mtoto haumfundishi chochote. Ukikosa mpira mwekundu, omba klabu iliyo karibu ikupe mipira iliyochakaa, ambayo wao huitupa. Raketi zinazopungua atazichonga fundi seremala kwa mbao nyembamba, na kibao hicho, kwa mtoto wa darasa la pili, kinatosha kabisa. Wape kazi ya kuhesabu pamoja ni mara ngapi mpira umevuka kamba bila kufa, badala ya kushindana. Darasa lote litahesabu kwa sauti, na waliokaa nje wakiokota mipira hawatachoka kusubiri zamu.

Usidharau mahali unapoanzia. Angella Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa manne ya tenisi, alipolishinda taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alikuwa ametokea kwenye viwanja vya shule jijini Nairobi, mahali bibi yake aliyemlea alikokuwa akifanya kazi ya usafi.

Swali: Klabu yetu ya Nairobi inataka kubomoa kiwanja kimoja cha tenisi ili kuweka padeli, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta za vioo. Muuzaji anasema mahali pa kiwanja kimoja huingia viwanja viwili vya padeli. Mnashauri nini?

Jibu: Tunashauri mchukue futi kamba. Kiwanja cha padeli kina mita 20 kwa 10. Viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu vinahitaji upana wa mita 20, ilhali eneo la kawaida la tenisi lina upana wa mita 18.29, vikiwekwa kimoja nyuma ya kingine vinahitaji mita 40, nanyi mna 36.57. Kwa hiyo maneno ya muuzaji ni ya kweli pale tu uzio wenu ulipojengwa kwa ukarimu kuliko kipimo cha kawaida, na hapo bado hamjahesabu njia ya kupita wala msingi unaobeba vioo.

Padeli yenyewe sina ugomvi nayo. Tangu Enrique Corcuera alipoibuni Acapulco, Meksiko, mwaka 1969, imevutia watu kwa sababu iliyo wazi: servisi hupigwa chini ya kiuno, kuta huurudisha mpira mchezoni, na mtu asiyewahi kushika raketi hupata mapigo marefu siku ile ile. Huchezwa na watu wanne, hivyo bei ya saa moja hugawanywa kwa wanne. Mapato yake ni mazuri. Lakini klabu inayobomoa kiwanja cha tenisi kinachotumiwa na watoto asubuhi za Jumamosi inauza wanachama wake wa miaka kumi ijayo. Kama eneo ni moja tu na fedha ni kidogo, jaribuni kwanza pikoboli, mchezo wa kibao na mpira wa plastiki: viwanja vinne, kila kimoja na nafasi yake ya kukimbilia, huingia katika eneo la mita 36.57 kwa 18.29 kwa kuchora mistari na kununua nyavu za kubeba, na tenisi ikihitajika nyavu hizo huondolewa. Majirani waambiwe mapema, kwa sababu kibao kigumu kikigonga mpira wa plastiki hutoa kelele kali.

Swali: Nasimamia ukumbi wa mpira wa vinyoya mjini Zanzibar. Wanawake walianza kwa wingi, kisha wakaacha mmoja mmoja. Wanaume wanasema wanawake hawapendi mchezo. Kweli?

Jibu: Dada yetu, waliokuja kwa wingi walikuwa wanaupenda. Tazama kwanza ratiba: je, zamu ya wanawake ipo siku na saa ile ile kila juma, au husogezwa wanaume wanapokuwa na mechi? Zamu inayosogezwa mara mbili huwa imekwisha. Saa inayofaa mara nyingi ni baina ya alasiri na magharibi, na watoto wapewe pembe yao na raketi ndogo, maana mama asiye na pa kumwacha mtoto hatarudi. Pazia la dirisha ni rahisi kuliko hotuba yoyote, na kocha awe mwanamke, hata kama ni mchezaji mwenzao aliyetangulia kidogo tu.

Mavazi yasiwe kikwazo. Mwaka 2011 Shirikisho la Dunia la Mpira wa Vinyoya lilitaka wanawake wa ngazi ya juu walazimishwe kuvaa sketi au gauni, likapingwa vikali, na mwaka 2012 likaiacha kanuni hiyo. Suruali ndefu na hijabu huchezwa nazo hadi katika mashindano ya dunia.

Kuhusu vifaa, kinyoya cha manyoya kumi na sita halisi huvunjika upesi mikononi mwa wanaojifunza, hivyo watumie cha nailoni. Feni zizimwe wakati wa mchezo, na ziwashwe kwa nguvu kati ya seti na seti. Kinyoya hakistahimili upepo hata mdogo.

Swali: Kwa nini mipira ya tenisi tunayonunua Arusha hudunda mno na kutoka nje, ilhali ile ile Tanga inatulia?

Jibu: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira wenye shinikizo ndani hupanda juu na kuruka mbali. Kuna aina ya mpira iliyotengenezwa kwa mahali palipozidi mita 1,219, na muuzaji mzuri atawaagizia. Wanaojifunza wapewe wa kijani, hata wakiwa watu wazima.