Biashara ikiyumba, fungua daftari mbele ya mafundi wako

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati, meza za ofisi na viti vya hoteli. Mwaka 2020 watalii walipokatika, hoteli zikasitisha oda. Mwishoni mwa 2023 tukawa na mgao wa umeme, na huku dola imeadimika, bei ya bawaba, reli za droo na vanishi ikawa haikai. Ya leo si ya juzi. Wenzangu wenye biashara huniuliza mafundi wangu niliwashikaje vipindi vyote hivyo, na nimeona niandike kwa urefu.

Hali ikiwa ngumu, wa kwanza kuondoka ni fundi mzuri. Anayejua kupiga vanishi ikakauka bila michirizi hakosi wa kumpigia simu. Na usidhani unamficha kitu. Anaona mbao hazishushwi, wateja hawaingii, na bosi akipigiwa simu anatoka kwenda kupokelea nje. Anajumlisha mwenyewe, na nijuavyo mimi, hesabu anayoifanya kichwani huwa mbaya kuliko hali yenyewe.

Kwa hiyo tunakaa mapema, asubuhi kabla mashine hazijawashwa, chai na chapati zikiwa mezani. Daftari linafunguliwa: kazi tulizonazo, pesa tunazodai, kodi ya eneo, umeme, mishahara. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, fundi wetu mkubwa kuliko wote kwa umri, ambaye sote tunamwita Mzee, alilivuta daftari kwake akaweka kidole kwenye jina la mteja mmoja tuliyekuwa tunamdai kwa muda mrefu.

"Bosi, huyu nilimfungia makabati mimi, mpaka jikoni kwake napajua. Niachie nikamwone."

"Nenda Mzee, mimi simu zangu hapokei."

Akarudi na sehemu ya ile pesa, na siku ya kumalizia wameshakubaliana. Tangu hapo sijawahi kuona sababu ya kuwaficha mafundi hesabu ya kazi wanayoifanya wao wenyewe.

Jambo ambalo ningemsihi kila mwajiri asiliguse ni tarehe ya mshahara. Mwenye nyumba Buza au Gongo la Mboto hataki kusikia habari za mgao wa umeme. Mshahara ukichelewa, fundi anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, na akishaingia huko, hata ukimlipa kamili pesa inapita tu mkononi mwake kwenda kwa mkopeshaji. Anaanza kutafuta vibarua vya usiku, asubuhi anasimama mbele ya mashine ya kupasulia mbao na usingizi machoni. Mashine ile inachukua vidole. Kama pesa haitoshi, waambie kabla ya mwisho wa mwezi: sehemu hii mtapata tarehe fulani, iliyobaki tarehe fulani. Kisha zishike tarehe hizo hata kama ni wewe utakayekosa. Na anza kweli na wewe, maana mafundi wanaliona gari lako linavyoingia na kutoka.

Kuna kipindi tulipunguza siku za kazi badala ya watu, tukaingia kwa zamu. Inawezekana, lakini mshahara haukatwi kwa tangazo la ubaoni. Mkataba unabadilishwa kwa kuelewana. Muandikishane, kila mmoja asaini, na iandikwe mpango unaisha lini. Usishuke chini ya kima cha chini cha sekta yako. Zile siku asizokuja, mwache afanye kazi zake. Wapo wanaoogopa kwamba akionja kwingine hatarudi. Mimi naona mtu uliyempunguzia kipato huna haki ya kumfungia riziki nyingine.

Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo huwa kishawishi pesa ikipungua. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Kumkata sehemu yake halafu usiipeleke ni kula pesa ya mtu, hakuna jina jingine. Siku hizi michango anaiangalia kwenye simu, atajua tu. Na akija kupoteza kazi, fao la kukosa ajira linategemea michango hiyo hiyo.

Ikifika mahali lazima watu wapungue, soma kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinakutaka utoe taarifa ya kusudio mapema na ujadiliane nao au chama chao: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepusha, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Majadiliano hayo yafanye kwa dhati, maana ndipo wengine hujitokeza kusema wako tayari kuondoka wenyewe. Anayelipwa kwa mwezi hapewi notisi ya chini ya siku 28. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa aliyetimiza miezi 12 kazini. Ongeza likizo ambayo hajaichukua, na hati ya utumishi. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri aliyeruka hatua hizi hufika pale bila cha kujitetea.

Usitumie nafasi hiyo kumtoa mgonjwa, mjamzito, au yule mliyekwaruzana. Waliobaki wanaangalia umemtoa nani na kwa nini, na hapo ndipo wanapoamua kama na wao waanze kutafuta.

Kazi ikirudi, waite uliowapunguza kabla hujatangaza nafasi. Mashine zako wanazijua, na wateja wako watafurahi kuwaona.