Umeambiwa kizazi kimeshuka? Uliza haya kabla ya kukubali operesheni

Mama zangu na dada zangu wa huku kusini, hili jambo tunalificha sana, mtu anatembea na kinyama kimeshuka miaka na miaka, anapalilia mikorosho hivyohivyo na ndoo ya lita 20 kichwani, jioni kinatokeza kama yai, asubuhi kimerudi chenyewe, anasema ndo uzee. Jamani kinatibika! Mi nimefanyiwa hapahapa Mtwara.

Kikubwa ninachotaka mjue, kutoa kizazi peke yake sio dawa. Kilicholegea ni misuli na kano zinazoshikilia, kizazi chenyewe mara nyingi hakina ugonjwa wowote, sasa kikitolewa alafu pale juu, mwisho wa uke kwa ndani, pasishikizwe vizuri, uke nao unaweza kuja kushuka baadae. Kwahiyo ukiambiwa tutakitoa, muulize dokta, na pale juu mtapashikiza wapi? Changu kilitolewa kupitia ukeni, tumbo halikupasuliwa, pale juu pakashonewa kwenye kano ya ndani ya nyonga, na ukuta wa mbele uliobeba kibofu ukakazwa. Siku za mwanzo kalio la kulia liliniuma mpaka nikaogopa, nesi akaniambia mama, uzi umefungwa upande huo, litaacha, na kweli liliacha.

Uliza pia kilichoshuka ni nini hasa, maana inaweza kuwa kibofu tu, au ukuta wa nyuma upande wa haja kubwa, na kila kimoja kina ushonaji wake.

Kama bado unataka kuzaa usikimbilie kutoa, kizazi kinaweza kushikizwa kikabaki, au ukavaa kwanza pete ya silikoni ya kukizuia, inasafishwa na kubadilishwa kliniki. Kikiwa hakijashuka sana kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini, ila yanataka uvumilivu, kama wiki 16 hivi.

Mama yangu mkubwa ni mjane na moyo wake haukuruhusu operesheni ndefu, yeye uke ulishonwa ukazibwa. Ni fupi na inashika vizuri, ila tendo la ndoa ndo basi tena, kwahiyo aamue mwenyewe, sio watoto wamuamulie.

Na wavu wa plastiki wa kushikilia kilichoshuka ukitajwa, uliza unapitia wapi. Ule wa kupitishwa ukeni Marekani waliusimamisha sokoni mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, wa kuwekwa kupitia tumboni bado unatumika.

Ukirudi nyumbani usibebe kizito wiki 6 hivi, na choo kisiwe kigumu, kula mapapai, kunywa maji, ukijikamua unavuta nyuzi. Tendo la ndoa nalo lisubiri dokta akukague. Kama unaweza kuchagua usipange tarehe ya karibu na msimu wa korosho, hutakaa kitandani wewe, na kabla hujalazwa mtaje kabisa atakayechota maji nyumbani, mumeo akiwa anasikia.