Mtoto yuko nafasi ya 9 lakini kusoma bado, nilivyojifunza kuona kama mtoto anasogea kweli

Mama uliyeuliza kuhusu kijana wako wa darasa la tatu, kwamba ripoti imeandika wastani 68, nafasi ya 9 kati ya 87, lakini ukimpa kitabu nyumbani anakwama kila mstari na mwalimu wake anakwambia "anaendelea vizuri". Mi nimefundisha darasa la pili na la tatu miaka 11 huku Shinyanga vijijini, naomba nikujibu kwa urefu maana hili jambo nimelibeba moyoni muda mrefu.

Hiyo ripoti inakuonyesha mwanao yuko wapi kati ya wenzake, bas. Haikwambii anajua kusoma kiasi gani wala kama mwezi huu anajua zaidi ya mwezi uliopita. Nafasi ya 9 maana yake wapo 78 nyuma yake, sasa kama na hao 78 wengi hawasomi, hiyo nafasi ya 9 inakusaidia nini? Na wastani nao, mtihani wa Machi alitunga mwalimu mmoja, wa Juni ukatoka kwenye ujirani mwema, yaani mtihani wa pamoja wa shule jirani, mmoja mgumu mwingine mwepesi, mtoto akipanda kutoka 60 hadi 68 huwezi kujua kapanda yeye au mtihani ndo umeshuka. Na kwenye maswali ya kuchagua A hadi E hata asiyejua kusoma akiweka tu alama anaokota kama moja kwenye kila matano.

Nilianza kuelewa haya kwa uchungu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yetu yalifurika, mwaka mmoja nilipokea watoto 94 wa darasa la tatu kwenye chumba kimoja, na kwenye makaratasi karibu wote walikuwa wamefaulu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wiki ya kwanza nikaamua kumwita mmoja mmoja mezani asome aya fupi ya darasa la pili, ilinichukua wiki mbili nzima, nikitumia mapumziko na kipindi cha mwisho, na nilipomaliza nilikuwa na watoto 31 ambao hawajavuka silabi. Wale watoto walikuwa wananakili ubaoni vizuri kabisa, mwandiko safi, daftari limejaa vema, ila ukifuta ubao hawezi kukusomea alichokiandika yeye mwenyewe.

Namna hii ya kupima sio mimi niliyeibuni. Watu wa mpango unaoitwa Uwezo walianza 2009 Tanzania, Kenya na Uganda kupita nyumba kwa nyumba wakimpa mtoto karatasi ya kiwango cha darasa la pili, herufi au silabi, maneno, aya, hadithi, na wao walichukua wazo kwa Wahindi wa shirika la Pratham ambao walianza zoezi kama hilo, liitwalo ASER, 2005. Na ile ya kumsomesha mtoto dakika moja kila mara na kuchora mstari wa anavyopanda ilitoka Marekani, kwa profesa Stanley Deno wa chuo kikuu cha Minnesota, aliwatengenezea walimu wa watoto wanaojifunza kwa shida waweze kujua mapema kama wanachofundisha kinaingia, sio wasubiri mtihani wa mwisho wa mwaka.

Sasa mi nafanya vipimo vya aina mbili na usivichanganye. Cha kwanza ni cha wote, mara tatu kwa mwaka, Januari tukifungua, Juni kabla ya likizo na Novemba, kila mtoto anapimwa kwa kipimo chenye ugumu uleule, hapo naona nani yuko chini ya mstari, yaani kiwango anachotakiwa kufika. Cha pili ni cha wale walio chini tu, kila wiki au wiki mbili, dakika moja ya kusoma na maswali matatu. Kuwapima 94 kila wiki huwezi, na anayesoma hadithi vizuri hana haja ya kusumbuliwa kila Ijumaa.

Kuhusu mstari wenyewe uweke wapi, Kenya kwenye mpango wao wa Tusome walijiwekea kwa darasa la pili maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, na tofauti hiyo ina sababu, maneno yetu ni marefu, "hawakutusomea" kwetu ni neno moja ila Mwingereza atalisema kwa maneno sita. Kwaiyo usije ukachukua namba za Kiingereza huko mtandaoni ukamhukumu mtoto nazo. Mi natumia hiyo 45.

Kosa langu la mwanzo nilitumia aya moja ileile kila wiki. Namba zikapanda vizuri mno, nikafurahi, mpaka siku moja kijana akanisomea yote huku anaangalia dirishani. Alikuwa ameishika kichwani. Toka hapo nikaandaa aya kama 12, kila moja maneno 60 hivi, urefu wa sentensi unaofanana, maneno ya kawaida ya nyumbani. Na maswali usiyaache kamwe, Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto anayeongea Kisukuma nyumbani anaweza kuteleza na aya yote akamaliza hajui mbuzi alipotelea wapi. Ila pia usimkate mtoto kwa matamshi, akisema "lafiki" na ameelewa kuwa ni rafiki, huyo kasoma.

Nikupe mfano wa kijana mmoja kati ya wale 31. Januari alisoma maneno 11. Nikachora kwenye daftari la hesabu lile la viboksi, nikaunganisha 11 na 45 ya Novemba kwa rula, ikawa anatakiwa apande kama neno moja kila wiki ya masomo. Wiki nne zilizofuata akapata 11, 12, 12, 13, zote chini ya mstari. Utaratibu ni kwamba doti nne mfululizo, zile alama za kila wiki, zikikaa chini ya mstari, unabadilisha ufundishaji, humuongezei yaleyale. Nikarudi kwenye karatasi zake nilizokuwa naweka alama kwenye kila kosa, nikakuta karibu yote yapo sehemu moja, nywa, mbwa, ng'o, ngwe, zile silabi za konsonanti nyingi. Irabu na silabi nyepesi alikuwa nazo zamani, na mi nilikuwa namrudisha ba be bi bo bu kila siku! Nikakata kadi za manila, dakika kumi kila siku kabla ya mchakamchaka yeye na wenzake wanne wenye tatizo hilohilo, na mstari ukaanza kupanda. Novemba alifika 38. Hakufika 45 lakini alikuwa anasoma na kujibu maswali, na mama yake alipoona zile doti alizielewa hapohapo, yeye ambaye hajawahi kuielewa ripoti ya shule.

Hesabu ni vilevile, chukua kutoa kwa kukopa, maswali kumi ya ugumu mmoja, uangalie anakosea hatua gani.

Kitu kimoja nakuomba sana. Shule moja niliyopita walibandika chati yenye majina ukutani, wa chini wakawa wanachekwa na wawili waliacha kuja kwa wiki nzima. Hizo doti ni za mtoto, mwalimu na mzazi tu. Na usimwambie awahi, mwambie asome kama anamsomea bibi, saa iwe ya kwako.

Kwako mama fanya hivi Jumamosi hii: tafuta aya tatu za kitabu cha darasa la pili, hesabu maneno, asome kila moja dakika moja ukimpimia muda kwa simu yako, kitochi kinatosha, toa maneno aliyokosea, chukua namba ya katikati. Andika na silabi zilizomkwamisha. Halafu nenda na hilo daftari kwa mwalimu wake kwa upole, yeye ana watoto 87 na huenda hajawahi kupata nafasi ya kumsikiliza wako akisoma peke yake. Na ukiweka hizo namba tatu na zile silabi hapa, nitakwambia mi ningeanzia wapi.