Maswali ya wasomaji: Mwakani anatimiza 18, nianzie wapi?

SWALI: Kijana ninayemlea kwa malezi ya kambo atatimiza miaka 18 mwakani. Afisa ustawi wa jamii amenieleza kwamba siku hiyo faili lake litafungwa. Anasoma vizuri, ila mambo ya utu uzima bado hayajui. Nimwandaeje, na nitamtetea vipi wakati mimi si mzazi wake wa damu? – Mama mlezi

JIBU: Mama, mwaka mmoja unatosha mkianza sasa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa 2009, inataka maandalizi yaanze mapema kabla ya kijana kuondoka, ashirikishwe kuyapanga, na inapowezekana apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Utakapokwenda ofisini, itaje. Unachodai kinatambuliwa kimataifa, usikiombe kama fadhila.

Anzeni na karatasi. Tafuteni faili moja gumu, mtie humo cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au stakabadhi ya maombi yake, vyeti vya shule, kadi ya chanjo na muhtasari wa matibabu, vyeti vya vifo vya wazazi kama wamefariki, na amri ya mahakama au barua rasmi inayoonyesha alikuwa kwenye malezi tangu lini hadi lini. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo itakayodaiwa zaidi. Fomu ya chuo au ya ufadhili ikitaka saini ya mzazi, kijana ataonyesha nini? Iombeni sasa, wakati faili liko wazi na afisa anayemfahamu bado yupo. Nakala halisi akae nazo mwenyewe, wewe ubaki na vivuli.

Kisha mketi pamoja na simu yake. Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Barua pepe yake, namba ya kurejesha nywila ni ya nani? Mara nyingi ni ya mlezi. Laini ikifungwa, au mkikorofishana, anapoteza barua pepe, na humo ndimo yalimo maombi ya chuo na ujumbe wa mwajiri. Mara tu sheria inaporuhusu, hamishieni kila kitu kwenye jina lake, pamoja na akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa saini ya mtu mzima.

Kutumia pesa atajifunza kwa kuzishika. Ikibaki miezi sita, mpe mkononi fungu lake la nauli, vocha, sabuni na nguo. Mwanzoni mpe la wiki moja, baadaye la wiki mbili, na miezi mitatu ya mwisho la mwezi mzima. Huenda likaisha siku ya kumi. Usimwongezee papo hapo. Chukueni karatasi muandike zilikokwenda, kwa kuwa kwako bado ana chakula na kitanda. Kwenye chumba cha kupanga, kosa hilohilo litamtoa nje.

Mkipiga hesabu ya chumba, msiishie kwenye kodi. Kuna malipo ya kuanzia, godoro, vyombo, na gharama za kuishi hadi mshahara wa kwanza, ambao kwa kazi nyingi hulipwa mwisho wa mwezi. Hata aliyepata kazi nzuri anaweza kukwama katika wiki hizo nne au tano. Mwenye nyumba pia anaweza kudai mdhamini. Mjue mapema ni nani atakayesaini.

Sasa utetezi. Omba kikao cha mpango wa kutoka, angalau miezi sita kabla, na kijana awepo. Pelekeni ukurasa mmoja wenye madai matatu tu, kila dai likiwa na jina la mhusika na tarehe. “Atasaidiwa kupata makazi” ni sentensi isiyo na mwenyewe. Afisa akihamishwa, imekufa. Siku hiyohiyo tuma muhtasari wa mliyokubaliana kwa maandishi. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi na muulize rufaa inapelekwa wapi. Nyumbani fanyeni mazoezi, ili dai la kwanza aliseme yeye. Akiulizwa kikaoni halafu akageuka kukutazama, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mara nyingi atasema.

Uliza pia kama anaweza kuendelea kukaa kwako. England, tangu 2014, sheria inazitaka mamlaka za mitaa kuwaunga mkono kijana na mlezi wake waliokubaliana kuendelea kuishi pamoja hadi afikishe miaka 21. Marekani, sheria ya 2008 iliyapa majimbo nafasi ya kuendeleza malezi hadi 21, kwa mfano kwa kijana anayesoma au anayefanya kazi angalau saa 80 kwa mwezi. Kama kwenu hakuna sheria ya aina hiyo, andikeni makubaliano yenu wenyewe: atakaa hadi lini, atachangia nini, ufunguo atabaki nao au la. Sisi tunashauri abaki nao.

SWALI: Nina miaka 17 na nimelelewa na familia ya kambo. Nikianza chuo, watu wanasema nikaishi na ndugu zangu wa damu niliowaona mara ya mwisho nikiwa mdogo. Nawatamani, lakini naogopa. – Kijana

JIBU: Mdogo wetu, kutamani na kuogopa vyote ni haki yako. Usihamie kwanza. Pigianeni simu kwa muda, halafu nenda kwa siku moja ukiwa na mtu mzima unayemwamini, na baadaye ulale usiku mmoja au mbili. Vyeti na akiba yako usiende navyo. Kama una kaka au dada waliopelekwa kulelewa na familia nyingine, mwombe afisa akusaidie kuwatafuta kabla faili halijafungwa.

Na chuoni, kabla ya kujisajili, uliza hosteli hufungwa lini na anayebaki hulala wapi. Wenzako watakwenda kwao likizo. Wewe hakikisha una kitanda kilichokubaliwa kwa maandishi, hosteli au kwa mlezi wako, kwa tarehe zote hizo.