Maswali ya Wasomaji: Somo Limo Mfumoni, Wanachuo Hawamo

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi katika chuo kimoja cha afya mjini Tabora. Tangu muhula uliopita tumeagizwa kuweka kila somo kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni, nasi tunatumia Moodle. Nimepakia notsi zangu zote, lakini wanachuo bado wananiomba niwatumie kwa WhatsApp, na walio mazoezini Urambo na Kaliua hawaonekani kabisa. Jaribio la kwanza lilivurugika: umeme ulikatika, mtandao ukapotea, na wanachuo kadhaa wakakuta hawana alama yoyote ilhali walikuwa wamekwisha kujibu maswali mengi. Je, kosa ni la mfumo, la wanachuo au langu?
Mkufunzi, Tabora

JIBU: Mwalimu, tuanze na hao waliokosa alama, kwa sababu jasho lao huenda halijapotea. Katika mipangilio ya jaribio kuna kipengele kinachouliza nini kifanyike muda ukiisha. Ikiwa umechagua kwamba majibu ambayo mwanachuo hakuyawasilisha mwenyewe kabla ya muda kwisha yasihesabiwe, basi aliyejibu maswali 18 kati ya 20 kisha akakatikiwa na mtandao huhesabiwa sawa na yule ambaye hakujibu hata moja. Chagua badala yake kwamba mfumo uwasilishe wenyewe yale yaliyokwisha kuhifadhiwa. Kabla ya kuwarudishia jaribio, fungua ripoti yake na utazame pia majaribio ambayo hayakuwasilishwa, maana majibu yao yanaweza kuwa yamo humo, na ukiyakuta ni haki yao yasahihishwe.

Safari ijayo, usirundike maswali yote katika ukurasa mmoja. Weka manne au matano kwa kila ukurasa, kwani majibu huhifadhiwa kila mwanachuo anapohamia ukurasa unaofuata, na mtandao ukirudi ataingia tena na kuyakuta. Asichorudishiwa ni dakika, kwa kuwa saa ya jaribio haisimami. Kwa hiyo jaribio linalohitaji dakika 30 mimi ningelipangia dakika 50, na aliyepatwa na dharura ningemwongezea muda yeye peke yake, jambo ambalo mfumo unaliruhusu bila kuwagusa wenzake.

Kuna jambo jingine la saa ambalo ni letu sisi Waswahili, na mtengenezaji wa mfumo hakulifikiria. Ukiweka mwisho wa kazi kuwa saa 06:00 jioni kwa hesabu ya mfumo, wewe una maana ya saa kumi na mbili, lakini mwanachuo anayeona sita atasubiri saa sita usiku, naye ataukuta mlango umefungwa. Vivyo hivyo, saa 00:00 ya Jumatano ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, ilhali wengi huielewa kuwa usiku wa Jumatano wenyewe. Nimekwisha kuona kazi nzuri zikikataliwa kwa sababu hiyo tu, na iliniuma. Andika juu ya kila kazi, kwa maneno kamili: “Mwisho ni Jumanne saa mbili usiku.”

Kuhusu notsi, fungua somo lako leo kwa simu ndogo na kwa bando ulilonunua mwenyewe, wala si kwa kompyuta ya ofisini. Kurasa 40 za daftari zilizopigwa picha, kila moja ikiwa na MB 1, ni MB 40, na mwanachuo hawezi kujua ndani yake muna nini mpaka azipakue zote. Wanaokuomba WhatsApp si wavivu. Wanakimbilia mahali ambapo faili hufunguka. Chapa notsi hizo ziwe maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa wa mfumo, uzigawe kwa wiki, na kila wiki iwe na kichwa kinachosema cha kufanya.

Lakini hata notsi zikiwa nyepesi, mfumo unaobeba notsi tu ni ghala, na ghala mwanachuo haliingii ila siku ya njaa. Kinachomrudisha ni kujibiwa. Chukua swali la kipimo cha dawa: mtoto ana kilo 12, anatakiwa kupewa parasetamo mg 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji iliyopo ina mg 120 katika kila ml 5, apewe ml ngapi? Jibu ni 7.5. Aliyeandika 1.5 amegawanya 180 kwa 120 akasahau kuzidisha kwa 5. Aliyeandika 36 amegawanya 180 kwa 5, akaisahau ile 120. Weka majibu hayo yote mawili miongoni mwa machaguo, na chini ya kila moja andika sentensi mbili za kumwonyesha alipoteleza. Usiku uleule, wewe ukiwa umelala, atajua kosa lake kabla hajashika chupa ya dawa wodini. Swali hilo likae katika benki ya maswali, nawe utalitumia tena mwakani. Maswali kumi ya namna hiyo nayathamini kuliko notsi za muhula mzima.

Walio Urambo na Kaliua wawekewe programu ya Moodle kwenye simu zao kabla hawajaondoka chuoni, iwapo msimamizi wa mfumo ameiruhusu. Wakipakua somo kwa Wi-Fi ya chuo, watalisoma bila bando huko waliko, na ripoti ya mazoezi waliyoiandika ndani ya programu hiyo itatumwa watakapopata mtandao. Usiwadai kuingia mfumoni kila siku. Mara moja kwa wiki inawatosha.

SWALI: Ninafundisha chuoni wilayani Kasulu, Kigoma. Wanachuo wanataka alama ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili wote wazione kwa urahisi. Kuna ubaya?
Mkufunzi, Kasulu

JIBU: Upo. Alama za mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mfumo humwonyesha kila mwanachuo alama zake peke yake, kwa hiyo kwenye kundi andika tu kwamba alama zimetoka, na aliyesahau nenosiri aje ofisini akiwa na kitambulisho chake.