Maswali ya Wasomaji: Historia ya Mafundi wa Fimbo za Mwanzi

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Marehemu babu yangu aliniachia fimbo ya mwanzi ya kuvulia samaki aina ya trauti kwa nzi bandia. Ina vipande vitatu na ncha moja ya akiba, na juu kidogo ya mshikio pana maandishi yaliyofifia yanayotaja duka la Marekani, bila jina la fundi. Ningependa kuijua historia ya watu waliotengeneza fimbo za namna hii, lakini vitabu vinavyotajwa ni vingi na baadhi yake ni ghali. Nianze na kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushauri uanze na kitabu ambacho ukilitazama jalada lake tu hutadhani kuwa ni cha historia. Ni A Master's Guide to Building a Bamboo Fly Rod, cha Everett Garrison na Hoagy B. Carmichael, kilichotoka mwaka 1977, Garrison akiwa amekwisha kufariki mwaka 1975. Ni mwongozo wa ufundi, nami nauweka mbele ya vitabu vya historia kwa sababu moja: asiyejua kazi yenyewe inavyofanyika atasoma majina ya mafundi kama orodha ya wageni asiowafahamu. Mwanzi hupasuliwa, kila kipande huchongwa kwa randa mpaka kiwe na pembe tatu za nyuzi 60, kisha vipande sita hubandikwa pamoja kwa gundi, ile nyama ngumu ya mwanzi iliyo chini ya ganda ikibaki upande wa nje. Kinachoitofautisha fimbo ya fundi mmoja na ya mwingine ni mchongoko wake, yaani jinsi unene unavyopungua kutoka mshikioni hadi nchani, na tofauti hizo hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Garrison, aliyekuwa mhandisi, alikokotoa michongoko yake kwa hesabu za mkazo, yaani nguvu inayoubana mwanzi fimbo inapopinda. Ukizifuata kurasa hizo kwa utulivu, hata kama hukusudii kushika randa maishani mwako, utaelewa kwa nini mafundi waligombania vipimo na kwa nini wengine walizificha mashine zao.

Baada ya hapo tafuta Classic Rods and Rodmakers cha Martin Keane, cha mwaka 1976. Kinawaeleza mafundi wa Marekani mmoja mmoja, na watu wengi wanaokusanya fimbo kuukuu walijifunzia humo kuzitambua. Ukisome ukikumbuka kwamba mwandishi wake alikuwa pia muuzaji wa fimbo hizo. Silisemi hilo kwa kumshuku. Ni kwamba jicho la muuzaji huvutwa na majina makubwa, na viwanda vilivyotengeneza fimbo za bei nafuu kwa maelfu, kama Montague na Horrocks-Ibbotson, vina historia ndefu inayostahili kusomwa kwa heshima ileile. Inawezekana sana kwamba fimbo ya babu yako imetoka katika kundi hilo.

Utakapovisoma vitabu hivi utaona kwamba njia nyingi zinarudi kwenye karakana moja. Hiram Leonard alianza kutengeneza fimbo mjini Bangor, katika jimbo la Maine, mwanzoni mwa miaka ya 1870, akabuni mashine ya kukata vipande vya mwanzi kwa pembe sahihi, na mwaka 1881 akahamia Central Valley katika jimbo la New York. Kwake walifanya kazi Edward Payne, Fred Thomas na Eustis Edwards, ambao baadaye walitoka, wakashirikiana kwa muda, kisha kila mmoja akajenga jina lake. Jim Payne, mwana wa Edward, kwa wengi ndiye kilele cha ufundi huu. Kwa masimulizi ya ukoo huo, hasa upande wa akina Edwards, sijaona kitabu kinachosomeka vizuri kuliko Casting a Spell cha George Black, cha mwaka 2006. Black ni mwandishi wa habari, na anawatazama mafundi kama watu wenye madeni, fahari na ugomvi, jambo ambalo wakusanyaji huelekea kulisahau.

Kuhusu nani alikuwa wa kwanza, soma kwa tahadhari. Vitabu vingi humtaja Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa Easton, Pennsylvania, ambaye pia alitengeneza fidla, na kazi yake huwekwa katika miaka ya 1840. Lakini ushahidi mwingi juu yake ni kumbukumbu za watu zilizoandikwa miongo kadhaa baadaye, na Waingereza nao walikuwa wakibandika vipande vya mwanzi uliopasuliwa katika kipindi hichohicho. Mwandishi anayekupa mwaka kamili bila kukueleza ameupata wapi, usimwamini upesi.

Sasa turudi kwenye jina la duka. Maduka makubwa kama Abercrombie & Fitch la New York yaliagiza fimbo kwa mafundi na viwanda mbalimbali, kisha yakaziuza kwa jina la duka. Kwa hiyo angalia viungio vya chuma, umbo la mshikio, sehemu inapofungwa roda ya mshipi, na rangi ya nyuzi za hariri zilizozungushiwa, kisha ulinganishe na picha za vitabuni. Tafadhali usiikwangue wala usiipake vanishi mpya kabla ya kuitambua, kwani nyuzi hizo zikishaondolewa, ushahidi nao umeondoka.

SWALI: Mbona vitabu hivi husema mengi juu ya mafundi na machache juu ya mwanzi wenyewe?

JIBU: Ni kweli, na ni pengo linalonisikitisha. Mafundi wa awali walitumia mwanzi uliojulikana kwa jina la Calcutta; mwanzoni mwa karne ya 20 walihamia kwenye ule unaoitwa Tonkin, ambao kwa hakika hutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Mtaalamu wa mimea F. A. McClure aliupa jina la kisayansi, Arundinaria amabilis, mwaka 1931. Kitabu cha kutafuta ni The Angler's Bamboo cha Luis Marden, cha mwaka 1997, kwa sababu mwandishi alikwenda mwenyewe hadi unakokatwa. Ukisome pamoja na habari za vikwazo vya biashara ambavyo Marekani iliiwekea China mwaka 1950: mafundi waliokuwa na akiba ya mwanzi waliendelea na kazi, wengine wakakwama, na faibaglasi, iliyokuwa imekwisha kuingia sokoni, ikachukua wateja wao.