GMAT mpya: vitabu vya kaka, alama zinazoishia na 5, na ile sehemu inayowaliza watu

GMAT ni mtihani wa kuombea MBA na shahada nyingine za uzamili za biashara. Ile iliyofupishwa ilianza Novemba 2023, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Mwanzoni iliitwa GMAT Focus Edition. Tangu Julai 2024 inaitwa GMAT basi, na hakuna nyingine. Ungedhani maswali kuhusu mabadiliko haya yangekuwa yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu vitabu vya zamani bado vinaazimwa na PDF zake bado zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Haya hapa ni yale yanayojirudia zaidi.

Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu alifanya GMAT mwaka 2019 akaniachia vitabu vyake vyote. Nianze navyo au nitafute vipya? (Mhasibu, Dodoma)

Marahaba. Anza navyo, ila kwanza chukua kalamu ukate yasiyokuhusu. Insha ya nusu saa imeondolewa. Sentence Correction, yaani yale maswali ya kusahihisha sarufi, yameondolewa yote. Jiometri nayo imekwenda: pembetatu, duara na ujazo wa pipa usivipotezee usiku hata mmoja. Angalia tu usitupe na mstari ulionyooka kwenye grafu ya x na y. Ule unahesabiwa kuwa aljebra na unaweza kukutana nao.

Kinachobaki ni kingi. Hesabu za kawaida na aljebra ni zilezile, Reading Comprehension (kusoma kifungu) na Critical Reasoning (kupima hoja) hazijabadilika sura, na Data Sufficiency (kuamua kama taarifa ulizopewa zinatosha) bado ipo ingawa imehama: zamani ilikaa ndani ya hesabu, sasa iko kwenye sehemu ya kusoma takwimu, Data Insights. Usichoweza kukipata kwa kaka ni mwendo wa mtihani wenyewe. Wake ulizidi saa 3. Wako ni saa 2 na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45 kila moja: maswali 21 ya hesabu, 23 ya Verbal (kusoma na kupima hoja) na 20 ya Data Insights, na mapumziko ya dakika 10 mara moja tu ukiyataka. Kwa hiyo usipime muda kwa mitihani ya majaribio iliyomo kwenye vitabu vile. Fungua akaunti mba.com, tovuti ya GMAC wenye mtihani, utapata mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo. Ya kwanza ifanye ukishapitia mada zote angalau mara moja. Ya pili ifiche, usiiguse mpaka wiki mbili za mwisho.

Nimepata 645. Rafiki yangu aliyefanya kabla ya mabadiliko alipata 700, na kila tukikutana ananipa pole. Nirudie? (Mhandisi, Nairobi)

Mwambie pole abaki nazo. Kwa jedwali la ulinganisho la GMAC, 645 ya sasa inakaa karibu sana na 700 ya zamani. Mizani imebadilishwa, na imebadilishwa makusudi. Zamani alama zilikwenda 200 hadi 800 na zote ziliishia na 0. Sasa zinakwenda 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5, ili afisa wa udahili akiona namba tu ajue ni mtihani upi.

Tarakimu hiyo ya mwisho itakusaidia pia unaposoma tovuti za vyuo. Ukikuta chuo kimeandika kwamba wastani wa wanafunzi wake ni 710 au 720, ujue kinazungumzia mizani ya zamani, na usiikimbilie namba hiyo kana kwamba ni yako. Tafuta wastani wa mizani mpya, na kama haupo, linganisha asilimia: ripoti yako inaonyesha umewazidi watahiniwa asilimia ngapi, na hicho ndicho kipimo kinachovuka kutoka mtihani mmoja hadi mwingine. Kurudia kwa sababu ya 700 ya mtu mwingine ni kutupa ada ya mtihani, na ada yenyewe unaijua.

Hesabu ninazo, Kiingereza kinapita, lakini Data Insights inaniangusha kila nikijaribu. Nifanyeje? (Afisa mikopo, Arusha)

Hapa ndipo penye mabadiliko yenyewe, na wengi bado hawajayaamini. Zamani kulikuwa na sehemu ndogo ya takwimu, Integrated Reasoning, iliyopewa alama zake pembeni. Jumla yako kubwa ilitoka kwenye hesabu na Verbal tu. Watu waliifanya kwa mkono mmoja. Sasa kila sehemu kati ya tatu inapimwa kwa 60 hadi 90, na zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla. Anayegawa muda wake wa kujisomea hesabu kwanza, Verbal baadaye, takwimu zikibaki siku, ameiacha theluthi ya mtihani mlangoni.

Ndani yake kuna aina tano za maswali: Data Sufficiency, jedwali la kupanga safu, grafu, swali lenye majibu mawili yanayotegemeana, na lile la vyanzo vingi ambapo unafungua kurasa mbili au tatu za barua, jedwali na maelezo. Yale yenye vipande kadhaa hayana alama nusu. Ukipata vipande viwili na kukosa cha tatu, umekosa swali zima. Kwa hiyo ukiona kipande kimoja huna hata fununu nacho, usikae dakika nne kuvikamilisha vingine viwili. Jibu, songa mbele.

Kikokotoo (cha namba, si kile cha mafao) unapewa kwenye skrini, ila kwenye sehemu hii tu. Kwenye hesabu hakuna. Ajabu ni kwamba kinawapunguza kasi wengi kuliko kinavyowasaidia, hasa kwenye Data Sufficiency, ambako huulizwi jibu bali unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Tazama hili nililolitunga:

Duka limeuza magunia 40 ya mchele na maharage kwa jumla. Je, ya mchele yalizidi 25? Taarifa ya kwanza: mchele ulizidi maharage kwa magunia 12. Taarifa ya pili: maharage yalikuwa chini ya magunia 16.

Mtu mwenye haraka ya kukokotoa anatafuta mchele ulikuwa magunia mangapi. Huna haja. Jumla unayo, tofauti unayo, kwa hiyo idadi ni moja tu na swali la ndiyo au hapana litajibika. Taarifa ya kwanza inatosha, endelea. Ya pili ndiyo yenye mtego. Maharage chini ya 16 maana yake yanaweza kuwa 15, na mchele ukawa 25 kamili, ambayo haizidi 25. Yakiwa 14, mchele ni 26, na 26 inazidi. Mara hapana, mara ndiyo: haitoshi. Jibu ni kwamba ya kwanza peke yake inatosha. Hakuna hesabu hapo inayomshinda aliyepasi Basic Mathematics ya Form Four. Linalowaangusha watu ni mazoea ya miaka kumi na kitu ya kutafuta jibu na kulipigia mstari.

Wewe kama afisa mikopo una mtaji ambao huujui. Unasoma taarifa za benki za mteja ukiwa tayari na swali kichwani: anaweza kulipa au hawezi? Soma vyanzo vya Data Insights hivyohivyo. Pitia vichwa vya safu na vya kurasa kwa haraka ujue kipi kiko wapi, nenda kwenye swali, kisha rudi kuchukua unachohitaji tu. Kusoma kila namba kabla ya kujua unaulizwa nini ndiko kunakokula dakika, nawe una wastani wa dakika 2 na robo kwa swali.

Halafu usilinganishe alama za sehemu moja na nyingine kana kwamba ni kitu kimoja. 80 ya Data Insights inakuweka juu ya watu wengi zaidi kuliko 80 ya hesabu. Huenda unajiona umeanguka wakati hujaanguka sana.

Nasikia sasa unaweza kurudi nyuma na kubadilisha majibu. Kweli? (Mwalimu wa sekondari, Mwanza)

Kweli, kwa masharti. Unaweka alama kwenye swali lolote unalotaka kulirudia, idadi haina kikomo. Ukimaliza maswali yote ya sehemu hiyo na muda ukabaki, unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kuruka swali bado hairuhusiwi. Lazima ujibu ndipo upewe linalofuata, kwa sababu kompyuta inachagua linalofuata kwa kutazama unavyojibu.

Maoni yangu: hii ni nafasi ya kurekebisha makosa ya mkono, si ya kufikiri upya. Swali ulilobahatisha kwa kuwa hukulielewa hutalielewa ukilirudia zikiwa zimebaki sekunde 90. Weka alama pale ulipobaki na majibu mawili, au pale ulipokokotoa haraka ukahisi kitu hakijakaa sawa. Na usijibane mwanzoni ili ubakize muda wa kurudi. Kuacha maswali ya mwisho bila kujibu kunakatwa alama zaidi kuliko kuyabahatisha, hivyo ikibaki dakika moja na maswali mawili, bonyeza chochote.

Nianze na sehemu ipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Uhuru ni wako, mpangilio wowote unaruhusiwa. Anza na inayohitaji akili mbichi zaidi kwako, usiiweke mwisho. Jaribu mpangilio huo nyumbani kwanza, na siku ya mtihani usibadilishe mawazo.

Kwa kuwa Sentence Correction imeondolewa, si nafuu kwetu tuliojifunzia Kiingereza shuleni? (Mfanyakazi wa hoteli, Muscat)

Nafuu kidogo, na ina upande wa pili. Sarufi ilikuwa inakaririka. Mtu mwenye bidii aliweza kukaa na kanuni zake miezi mitatu akavuna alama za uhakika, na wanafunzi wa kwetu, tunaojua kukariri, tulizipenda. Sasa maswali yote 23 ni ya kusoma kifungu na kupima hoja, chini ya dakika 2 kwa swali. Hapo kukariri hakusaidii.

Hoja zenyewe si ngumu ukizizoea. Mfano: manispaa iliweka taa za barabarani mwezi Machi, wizi ukapungua, kwa hiyo taa zimepunguza wizi. Unaulizwa kipi kinadhoofisha hoja hii. Jibu litakuwa kitu kama doria ya polisi iliyoanza mwezi huohuo. Majibu mengine yatakuwa ya kweli na ya kuvutia, mathalani kwamba taa zilikuwa ghali au kwamba wakazi wamezifurahia, lakini hayagusi kiungo kati ya taa na wizi. Jizoeze kutafuta kiungo hicho kabla hujatazama majibu. Unaweza kufanya zoezi hili hata kwa Kiswahili, kwenye mijadala ya redio, na Kiingereza ukakiongezea kasi kwa kusoma makala ndefu za uchumi na sayansi kila siku.

Nifanyie nyumbani au kituoni? (Mfanyabiashara, Iringa)

Kituoni, kama nauli ipo. Mtihani wa nyumbani ni uleule na vyuo vingi vinaupokea, ila unahitaji chumba kitupu, mlango uliofungwa, intaneti isiyoyumba na umeme. Ukikatika umeme dakika ya 30 ya sehemu ya pili, utaanza kuandikiana barua pepe na watu wa huduma kwa wateja badala ya kufanya mtihani.

Popote utakapofanyia, jisajili kwa majina yaleyale na kwa mpangilio uleule ulio kwenye pasipoti yako. Sisi wa majina matatu tuna tabia ya kuacha la babu huku na kuliweka kule. Mlangoni watalinganisha.

GRE si rahisi zaidi? (Mkutubi, Mombasa)

Kwa wengine ndiyo. GRE ni mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili. Nayo ilifupishwa, Septemba 2023, na sasa haifiki saa 2. Ina kikokotoo kwenye hesabu na unaweza kurukaruka ndani ya sehemu unavyotaka, ila jiometri bado ipo na msamiati wake ni mzito. Harvard, Stanford na INSEAD zinapokea yoyote kati ya hiyo miwili. Fanya jaribio moja la kila mtihani, ufuate namba. Na kama unalenga chuo cha hapa Afrika Mashariki, waulize kwanza: vingi havidai wowote kati yake.

Nikifanya vibaya, vyuo vitaona? (Muuguzi, Kigoma)

Hapana, isipokuwa ukizituma alama wewe mwenyewe. Zamani ulichagua vyuo kabla ya kuanza, ukiwa hujui utapata nini. Sasa unaziona alama kwanza. Zikitoka rasmi una saa 48 za kuzituma kwenye vyuo vitano bila malipo. Ukichelewa, kila ripoti inalipiwa. Orodha ya vyuo iwe tayari kabla ya siku ya mtihani.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 16, na si zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Alama zinadumu miaka 5. Ukiona unaomba nafasi za Septemba mwakani, panga mtihani wa kwanza angalau miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo, siku 16 zikupatie nafasi ya pili bila kukimbizana na zamu zako za usiku.